Mwizi wa gari haangalii bei

Wadau, ukiuliza kijiweni gari gani linaibwa zaidi, utatajiwa Mercedes au BMW. Mimi kama ripota napenda kufuata takwimu, na za Marekani zinasema mengine kabisa. Kwa miaka mingi yaliyoongoza kwa kuibwa kule ni Honda Accord na Honda Civic za miaka ya 1990. Magari ya watu wa kawaida, tena makuukuu!

Sababu ni mbili. Kwanza soko: yalikuwa mengi barabarani, kwa hiyo vipuri vyake havikosi mnunuzi. Wa Dar mtanielewa, ndiyo maana tunachora namba za gari kwenye taa na vioo vya pembeni. Pili urahisi: hayakuwa na imobilaiza, yaani kifaa kinachozuia injini kuwaka mpaka kisome chipu iliyomo ndani ya ufunguo. Honda walipokiweka kwenye Accord ya 1998 na Civic ya 2001, wezi waliendelea kusaka zile za zamani.

Hapo ndipo historia inapouma. Ulaya ililazimisha kifaa hicho kwa magari mapya mwaka 1998, Kanada mwaka 2007. Marekani haikulazimisha. Kampuni nyingi zilikiweka zenyewe. Kwa magari ya 2015, asilimia 96 ya modeli za kampuni nyingine zilitoka nacho. Za Hyundai na Kia? Asilimia 26 tu. Na hao hao kule Kanada walikiweka, maana sheria iliwabana.

Wezi nao hawalali. Mwaka 2021 wizi wa Kia na Hyundai ulilipuka Milwaukee, na 2022 video za TikTok zikausambaza nchi nzima: bisibisi na waya wa USB, gari linawaka. Vijana wengi hawakutaka hata vipuri, walitaka kujirusha tu. Hadi Februari 2023 serikali ilikuwa imepokea taarifa za ajali 14 na vifo 8, na kampuni zikatangaza programu mpya ya bure kwa magari milioni 8.3.

Na nani hununua gari la bei nafuu? Mtu wa kipato cha chini. Ndiye aliyeamka akakuta halipo, na ndiye aliyekataliwa na baadhi ya kampuni za bima katika miji kadhaa.

Kufuli likiachwa kwa hiari ya muuzaji, gharama anabeba mnunuzi. Naomba kuwasilisha.