Sauti inayoongoza mikono ya jirani: Historia ya huduma ya kwanza Gusii

Mwaka 1958, daktari J. G. Grounds alichapisha katika jarida la East African Medical Journal makala kuhusu upasuaji wa fuvu la kichwa miongoni mwa Wagusii, au Wakisii, wa magharibi mwa Kenya. Kwa wasomaji wa mbali yalikuwa maajabu. Kwa mtu wa Kisii yalikuwa mambo yanayojulikana: aliyepigwa rungu kichwani na kubaki na maumivu yasiyokwisha alipelekwa kwa omobari omotwe, fundi wa kupasua kichwa. Fundi huyo alichana ngozi, akakwangua mfupa kidogo kidogo mpaka sehemu iliyopasuka ikaondoka, akauacha utando wa ubongo bila kuugusa, kisha akatunza kidonda kwa dawa za mitishamba.

Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka hiyo ya 1950, naye aliufuatilia ufundi huo, na mwaka 1967 matokeo ya uchunguzi wake yakachapishwa. Hata mwaka 1985 madaktari wa upasuaji walikuwa bado wanaandika kuuhusu katika majarida ya kitabibu. Wote walishangazwa na jambo lile lile: wagonjwa wengi walipona.

Ila ujuzi huo ulikuwa wa watu wachache. Omobari alijifunza kwa miaka mingi, na mgonjwa ndiye aliyepelekwa kwake. Kati ya pale mtu alipoangukia na pale fundi alipokaa, palikuwa na majirani tu, wenye nia njema na mikono mitupu. Historia ya huduma ya kwanza, Gusii na kwingineko duniani, ni historia ya kulijaza pengo hilo.

Hospitali iliyozaliwa na vita

Serikali ya kikoloni ilipoleta tiba yake, haikuanza na mwananchi. Tarehe 12 Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani waliovuka mpaka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani walipigana mjini Kisii. Mwaka 1916 kikaanzishwa kituo cha kuwahudumia askari wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, inayopokea wagonjwa wa kaunti za Kisii na Nyamira na hata wa kaunti jirani.

Hospitali ilipunguza pengo lakini haikuliziba. Kama ilivyokuwa kwa omobari, aliyeumia alipaswa kufikishwa kwa mjuzi. Ujuzi ulianza kushuka kwa raia kupitia mashirika ya kujitolea: St John Ambulance, iliyoanza kazi nchini mwaka 1928, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Polisi, walimu, skauti na wafanyakazi wa viwandani wakafundishwa kufunga bandeji, kutuliza mfupa uliovunjika na kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama.

Mafunzo ya darasani yana udhaifu unaojulikana na kila aliyewahi kuyahudhuria. Cheti hubaki ukutani, lakini mikono husahau. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba ustadi wa kukandamiza kifua hufifia ndani ya miezi michache usiporudiwa. Siku ya ajali, mwenye cheti na asiye nacho hujikuta wamesimama pamoja wakiulizana la kufanya.

Mashine yajifunza kusema

Dawa ya usahaulifu huo ilipatikana kwa njia ya mzunguko, na ilianza na moyo. Mwaka 1947, Claude Beck, daktari wa upasuaji huko Cleveland, Marekani, aliurudisha katika mapigo yake ya kawaida moyo wa kijana mmoja kwa kuupitishia umeme moja kwa moja, kifua kikiwa wazi mezani. Mwaka 1956 daktari Paul Zoll alionyesha kwamba umeme huo unaweza kupita kwenye ngozi, bila kumpasua mtu. Mwaka 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, wakaeleza jinsi mikono miwili inayokandamiza kifua inavyoweza kusukuma damu mpaka msaada ufike.

Kilichobaki ilikuwa kuitoa mashine hospitalini. Huko Belfast, Ireland Kaskazini, daktari Frank Pantridge aliona wagonjwa wa moyo wakifa kabla ya kufika kwake, akaamua kuwafuata. Kufikia mwaka 1966 alikuwa na mashine ya kushtua moyo, ambayo madaktari huiita defibrileta, iliyowekwa ndani ya ambulensi na kutumia betri za gari. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Arch Diack na wenzake wa Portland, Oregon, wakatengeneza mashine iliyoweza kusoma mapigo ya moyo yenyewe na kuamua kama umeme unahitajika. Uamuzi uliokuwa wa daktari bingwa ukahamia ndani ya kisanduku.

Wakati huo huo, wazo jingine lilikuwa linakua bila kisanduku chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika eneo la King County, jimbo la Washington, wapokeaji wa simu za dharura hawakuishia kutuma gari tu. Walibaki kwenye laini wakimwambia mpigaji cha kufanya hatua kwa hatua: mlaze chali, weka kiganja katikati ya kifua, bonyeza, hesabu pamoja nami. Mke aliyekuwa akilia jikoni akageuka mwokoaji wa mumewe, bila kuwahi kuhudhuria darasa.

Mfano mmoja wa mawazo hayo mawili kukutana ulikuja mwaka 1996, kampuni ya Heartstream ya Seattle ilipopata kibali cha kuuza mashine iitwayo ForeRunner, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja na yenye sauti ya kumwongoza mtumiaji. Mashine za namna hiyo hufanya kazi hivi: ukifungua kifuniko, sauti inaanza. Inakuambia umvue mgonjwa nguo ya kifuani, ubandike vibandiko viwili mahali palipochorwa, usimguse wakati inapima. Ikiona moyo unatetemeka ovyo badala ya kupiga, inakuamuru ubonyeze kitufe. Ikiona umeme hausaidii, haitoi hata ukibonyeza. Kisha inakurudisha kwenye kukandamiza kifua, nyingine zikikupigia mlio wa kufuata: mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Matokeo yake yalithibitishwa mahali pasipotarajiwa, katika nyumba za kamari huko Marekani. Walinzi walipewa mashine hizo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ukaonyesha kwamba, miongoni mwa watu walioanguka na moyo wao ukawa katika hali inayotibika kwa umeme, asilimia 53 walitoka hospitalini wakiwa hai. Kwa waliopata umeme ndani ya dakika tatu, ilikuwa asilimia 74. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti waliwapa mashine watoto wa darasa la sita ambao hawakuwahi kufunzwa kuitumia. Katika zoezi la mgonjwa wa kuigiza, watoto walichukua wastani wa sekunde 90 na wahudumu wa ambulensi sekunde 67. Tofauti haikufika nusu dakika.

Nchi ya radi na watu wengi

Je, haya yanahusianaje na miji ya Gusii kama Keroka, Ogembo, Nyansiongo au Suneka? Yanahusiana nayo kwa sababu mbili.

Kwanza ni watu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii kuna zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Mtu akianguka Gusii, haanguki peke yake. Kabla vumbi halijatulia, umati umeshamzunguka. Mahali pengi duniani tatizo la dharura ni kupata mpita njia. Gusii wapita njia ni tele, na kinachokosekana ni mmoja wao kujua aanzie wapi.

Pili ni radi. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na milima ya Gusii na kupanda juu, na karibu kila alasiri ya msimu wa mvua ngurumo husikika. Eneo hili ni miongoni mwa yanayopigwa sana na radi nchini. Mara nyingi radi huua kwa kuusimamisha moyo na kupoozesha pumzi, na hapo ndipo huduma ya haraka inapokuwa na maana kubwa. Moyo wa aliyepigwa na radi huweza kuanza tena wenyewe huku mapafu yakiwa bado yamelala, kwa hiyo pumzi za mdomo kwa mdomo zinaweza kumrudisha. Ndiyo maana madaktari hugeuza utaratibu wa kawaida wa ajali: radi ikipiga watu kadhaa, anayeonekana amekufa ndiye anayeshughulikiwa kwanza, kwa maana anayelia tayari anapumua. Na kinyume cha hofu iliyoenea vijijini, mwili uliopigwa na radi haubaki na umeme. Ni salama kuugusa mara moja, mradi wenye kusaidia wajikinge na radi nyingine.

Mashine ya kushtua moyo ingefaa katika shule zilizo juu ya vilima, Uwanja wa Gusii siku timu ya soka ya Shabana inapocheza, au soko la Daraja Mbili. Lakini bei yake huzidi shilingi 100,000, vibandiko vyake huisha muda hata visipotumika, na betri hutaka kukaguliwa. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala umeme hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo mashine iliyofungiwa ofisini na ufunguo ukiwa kwa mtu aliyesafiri haiokoi mtu.

Isitoshe, barabara za hapa huleta majeruhi ambao mashine hiyo haiwasaidii. Kijana wa bodaboda aliyegongwa kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik hahitaji umeme. Anahitaji mtu abane kidonda kinachovuja damu bila kuachia, azuie shingo isigeuzwe, na awazuie wale wenye haraka wasimtupe kwenye pikapu akiwa amekunjwa.

Sauti kwanza, umeme baadaye

Ukiisoma historia hii kwa makini, utaona kwamba kilichomfaa zaidi mpita njia ndani ya kile kisanduku ni sauti. Umeme hufaa aina moja ya dharura. Sauti tulivu inayotoa agizo moja, ikasubiri, ikatoa la pili, hufaa karibu zote: moyo uliosimama, kidonda, mtoto aliyepaliwa, mama aliyeshikwa na uchungu njiani. Na sauti haihitaji mashine ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Inahitaji simu, na simu tayari zimo mifukoni mwa umati.

Sauti hiyo lazima ieleweke na aliyepiga magoti. Mashine nyingi huja na lugha aliyoichagua mnunuzi, na baadhi hubeba mbili, zikibadilishwa kwa kubonyeza kitufe. Anayenunua bila kufikiri hununua Kiingereza. Mwalimu wa sekondari ataelewa. Mama anayechuma chai huko Nyamira, akiwa amepatwa na hofu, huenda akahitaji Ekegusii, lugha inayotangaziwa kila siku na redio kama Egesa FM. Palipo na redio zenye watangazaji hodari wa lugha hiyo, hakuna uhaba wa watu wa kurekodi maagizo ya dakika tano za kwanza.

Sheria imeshafungua njia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na huduma za ambulensi imezikabidhi kwa serikali za kaunti. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inahesabu huduma kabla ya hospitali kuwa sehemu ya matibabu hayo. Tangu mwaka 2013 kaunti zina ambulensi zake. Na mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, wakiwa na mikoba ya vifaa na simu za kazi. Hao ndio wangeweza kuwa wa kwanza kubeba maagizo ya sauti yanayofanya kazi hata pasipo mtandao, na kuyafundisha kwenye mikutano ya vijiji.

Gharama kubwa iko kwenye meza ya simu za dharura: mtu aliyefunzwa, aliye macho saa nane za usiku, anayejua Kiswahili na Ekegusii, na ambaye kazi yake haiishi pale anaposema gari limeshatoka. Huko King County ni mtu kama huyo aliyemfundisha mke jikoni, miaka mingi kabla ya ForeRunner kuuzwa.

Kaunti inaponunua ambulensi mpya, wakazi huuliza imegharimu kiasi gani, na wana haki. Waulize pia ni nani atakayezungumza na mpigaji simu wakati gari bado linapanda mlima, na atazungumza naye kwa lugha gani.