Michezo ya runinga imemsahau mpagazi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wakubwa wengi tunalidharau, yaani michezo ya runinga, ile ambayo vijana wetu huiita gemu. Nitaipitia mmoja baada ya mwingine, kama wenzetu wanavyohakiki filamu na vitabu. Lakini nitaipitia nikiwa nimekaa Tabora, na punde mtaona kwa nini.

Nilikwenda nyumbani Tabora kwa likizo. Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alikuwa amepewa na kaka yake mashine ya PlayStation iliyokwisha kutumika, pamoja na michezo kadhaa ndani yake. Jioni moja akaniita. "Mjomba, njoo ucheze, huku kuna Mzungu anatafuta piramidi ya dhahabu." Nikakaa mkekani. Kwenye kioo palikuwa na orodha ya watu mashuhuri, na mchezaji huchagua awe nani. Jina moja likanishtua: Richard Francis Burton.

Mpwa wangu hakumjua. Nikamwambia huyo si mtu wa kubuni, na kwamba alifika hapa hapa tulipokaa. Burton na mwenzake John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafuata njia ya misafara, wakaingia Kaze, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Walipokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Walipoendelea hadi Ujiji, mwanzoni mwa 1858, Burton alikuwa mgonjwa hata hawezi kutembea, ikabidi abebwe. Speke naye macho yalikuwa yamemharibikia, akashindwa hata kuliona vizuri ziwa walilolitafuta. Kwa hiyo msafiri huyo hodari alifika Ziwa Tanganyika kwa miguu ya watu wengine.

Mchezo wenyewe unaitwa The Curious Expedition. Umetengenezwa Berlin, Ujerumani, na kampuni ya Maschinen-Mensch. Ulitoka kwa kompyuta mwaka 2016, ukafika kwenye mashine za runinga mwaka 2020. Ni mchezo wa safari. Unanunua vifaa, unaajiri watu, unaingia nchi za kubuni zenye misitu na majangwa, na unashindana na wasafiri wengine kutafuta piramidi. Kila hatua inakupunguzia utulivu wa akili, na utulivu ukiisha mambo yanaharibika. Njaa ikizidi, watu wa msafara huweza hata kulana. Mwishoni mwenye sifa nyingi kuliko wenzake hujengewa sanamu.

Sitasema ni mchezo mbaya. Unafikirisha, na hauficha kwamba safari za namna ile zilikuwa na ukatili. Lakini nilimtazama mpwa wangu akicheza. Watu aliowaajiri walikufa mmoja mmoja njiani, naye hakusimama. Nilipomuuliza wamekwenda wapi, akajibu bila kuinua macho, "Wameisha, mjomba. Nitaajiri wengine kijiji kinachofuata."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo ya leo.

Kabla sijaendelea, nikumbushe kidogo mashine hizi zilivyotufikia. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Tanzania Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vikaanza kurusha matangazo. Na Desemba ya mwaka huo huo, huko Japani, kampuni ya Sony ikatoa PlayStation ya kwanza. Kwa hiyo kwetu runinga na mchezo wa runinga vilikuja karibu pamoja, kama mtu na mdogo wake. Nilipokuwa kijana Tabora, mtu mmoja aliweka runinga na mashine ya gemu katika chumba cha nyuma ya duka lake, tukawa tunapanga foleni na sarafu mkononi. Kile kidude chenye vitufe, ambacho vijana hukiita pedi, kilikuwa kinanata jasho la watoto wa mtaa mzima.

Mchezo nilioupenda pale ulikuwa The Lion King, uliotoka mwaka 1994 kwa mashine za Sega na Nintendo. Huu ni wa kuruka na kukwepa. Unakuwa simba mdogo, unaruka juu ya viboko na kuparamia mawe, na baadaye unakuwa simba mkubwa. Ni mgumu kuliko unavyoonekana. Hatua ya pili, ile ya nyani wanaokurusha huku na huku, ilitulia sarafu nyingi. Tulifurahi mno kwa sababu majina yalikuwa yetu. Simba, Rafiki, Pumbaa, na hatua moja ikaitwa Hakuna Matata. Miaka mingi baadaye nikatambua kwamba nchi ile yenye majina ya Kiswahili haina mtu hata mmoja ndani yake. Wanyama wanasema, lakini wenye lugha hawapo.

Mwaka 2009 Kiswahili kikarudi tena, safari hii katika mchezo wa kutisha na kupiga risasi. Ni Resident Evil 5, wa kampuni ya Capcom ya Japani. Mambo yanatokea katika mji wa kubuni wa Afrika uitwao Kijuju. Watu wa mji wameambukizwa, wamekuwa maadui, na jina lao ni Majini. Wanakukimbilia na mapanga huku wakipiga kelele kwa Kiswahili. Mwingereza au Mmarekani anayecheza haelewi neno, kwake ni makelele tu ya kutisha. Mimi nilielewa, na nawaambieni si jambo dogo kusikia lugha ya mama yako ikitoka kinywani mwa mtu ambaye umeamriwa kumpiga risasi. Mchezo huo ulilaumiwa hata kabla haujatoka, tangu picha zake za matangazo za 2007 zilipoonyesha mzungu akifyatulia risasi umati wa weusi.

Kwa ufundi, ni mchezo uliokamilika. Unachezwa vizuri na watu wawili, na woga wake ni wa kweli. Lakini tazama jambo hili. Shujaa ni Mmarekani, Chris Redfield, na mwenzake ni Mwafrika, Sheva Alomar. Ukicheza peke yako, sharti kwanza uumalize mchezo ukiwa Chris ndipo uruhusiwe kumchagua Sheva. Kila mmoja ana nafasi tisa tu za kubebea vitu. Sasa nafasi zangu zilipojaa nikaanza kumrundikia Sheva risasi na dawa, nikizichukua kwake ninapozihitaji. Katikati ya usiku nikashtuka: nimemfanya mpagazi, na hakuna aliyenifundisha.

Wa tatu ni mchezo wa mikakati, Civilization VI, ulioingia kwenye mashine za runinga mwaka 2018 na 2019. Hapa unaongoza taifa kuanzia enzi za kale hadi zama hizi. Mchezo ndugu yake wa mwaka 2005, Civilization IV, ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, wa mtunzi Christopher Tin, na mwaka 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa aina hii. Katika Civilization VI Kilwa Kisiwani ipo, miongoni mwa maajabu ya dunia. Lakini taifa lolote laweza kuijenga, iwe Japani au Brazil. Zanzibar nayo ipo, kama mji mdogo ambao mchezaji hawezi kuuongoza. Taifa linalopata ulezi wake hupewa mdalasini na karafuu. Na msafara wa biashara ukitoka mji mmoja kwenda mwingine, barabara hujitengeneza yenyewe nyuma yake.

Naupenda mchezo huo. Unamfundisha kijana kwamba uamuzi wa leo una matokeo kesho kutwa. Ila pale kwenye barabara inayojitengeneza nilicheka peke yangu. Njia ya kutoka Bagamoyo kuja Tabora, zaidi ya kilomita 800, haikujitengeneza. Ilikanyagwa na nyayo za Wanyamwezi na wenzao kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, kichwani au begani. Wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira wao, wakalipwa kwa vitambaa, shanga na waya, na kupewa posho ya njiani. Mbele alitangulia kirangozi. Ugogoni misafara ilitozwa hongo. Wapagazi wakionewa waligoma, au waliweka mizigo chini usiku na kutokomea.

Bila wao hakuna aliyekwenda popote. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, pana tembe alilokaa David Livingstone. Alifika na Stanley Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki pale hadi Agosti. Alikuwa anasubiri nini msafiri huyo aliyejulikana dunia nzima? Alikuwa anasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Walipofika, akaondoka. Mwaka uliofuata alipofariki, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani, wakapitia hapa hapa Unyanyembe.

Tena yupo Sidi Mubarak Bombay. Myao huyu aliuzwa utumwani akapelekwa India, akapata uhuru wake, akarudi Zanzibar. Alikwenda na Burton na Speke. Akaenda tena na Speke na Grant, akaongoza watu wa Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi Bahari ya Atlantiki kati ya 1873 na 1875. Alifariki mwaka 1885. Katika ile orodha ya mpwa wangu, Burton yumo. Bombay, aliyetembea njia hizi mara nyingi kuliko Burton, nilimtafuta sikumwona.

Mtaniuliza, je, hakuna mchezo ambamo sisi tumo kwa majina yetu? Upo, nao ni wa soka. Januari 2020 Mbwana Samatta alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na jina lake likawamo katika FIFA 20. Kwa uhakiki wa haki, michezo ya FIFA ya miaka ile ilifanana mno mwaka hadi mwaka, ukilipia upya kitu kile kile. Lakini mpwa wangu bado anamchagua Samatta, na anapokosa bao anaumia kama ndugu yake ndiye aliyekosa. Hasemi kwamba ataajiri mwingine.

Ndugu zangu, siwaambii mzime mashine hizo. Nasema tuzicheze na watoto wetu, na tuwaulize ni nani aliyepewa pedi na ni nani anayebeba mzigo. Na vijana wetu waliosomea kompyuta nawapa kazi. Tengenezeni mchezo ambao mchezaji ni mpagazi wa Kinyamwezi. Apatane ujira, apime posho yake, amsikilize kirangozi, aamue kama atavumilia au atatupa mzigo usiku. Hesabu zake ni ngumu kuliko za kutafuta piramidi, na zote zilitokea kweli.

Kabla sijarudi kazini nilimpeleka mpwa wangu Kwihara, tukazunguka lile tembe. Akasoma maelezo ya ukutani yote, kisha akauliza wapagazi walilala wapi. Nikamwonyesha uwanja wa nje, chini ya miti. Akasimama pale kidogo, tukaondoka.

Tukutane juma lijalo, panapo majaaliwa.