Mchoro wa bandari: Mwongozo kwa mwanagenzi wa rangi za maji

MWANAGENZI anayeketi kuchora bandari aghalabu hutatizwa na wingi wa vitu. Mbele ya gati la Lamu, mji ulioorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2001, kuna majahazi, mashua, punda, kamba na watu tele. Ajaribuye kuvitia vyote katika karatasi moja huambulia vurugu.

Kwa hivyo, kazi ya kwanza ni kuchagua. Jahazi moja, ukanda wa mikoko ya Manda ng'ambo ya mkondo, mbingu na maji vyatosha.

Vifaa

Tumia karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita mraba, kwani nyepesi hujikunja ikilowa. Brashi mbili zatosha: moja bapa na pana, nyingine ya mviringo yenye ncha. Rangi ziwe tatu: buluu, manjano na hudhurungi. Buluu na manjano huzaa kijani cha mikoko. Buluu na hudhurungi huzaa kijivu cha vivuli.

Penseli

Mstari wa maji uwe sawasawa, wala usiigawe karatasi nusu kwa nusu. Jahazi nalo lina kanuni zake. Mlingoti huinamia mbele kidogo, na foromali, ule mti ubebao tanga, hukaa kimshazari. Ukivikosea hivi viwili, hakuna baharia atakayekitambua chombo chako.

Rangi

Anza na rangi hafifu za mbingu na maji, uziache zikauke, kisha utie zilizokolea. Weupe wa tanga ni karatasi yenyewe. Ukishaipaka, weupe huo haurudi kwa urahisi. Taswira ya jahazi majini hushuka wima chini yake. Kilicho cheupe huonekana majini kimefifia, na cheusi huonekana si cheusi sana.

Wakati

Mji wa Lamu unaelekea mashariki. Alasiri, jua huwa nyuma ya mchoraji aliye gatini na kuyamulika matanga. Hata hivyo, maji hayamngojei mtu: kati ya kujaa na kupwa ni takriban saa sita, na mashua iliyoelea asubuhi yaweza kukutwa adhuhuri imelala ubavu matopeni. Basi chora chombo kwanza. Mbingu na mikoko vitakusubiri.