Usukani wa kulia katika Kivu Kusini

Magari yenye usukani wa kulia ni mengi mjini Bukavu na kwenye barabara ya taifa namba 2, inayopita Kavumu na Katana kuelekea Goma. Hata hivyo, Kongo ni nchi ya kuendesha upande wa kulia, na serikali imekataza zaidi ya mara moja kuingiza magari ya aina hiyo.

Kanuni ya barabarani inayotumika ni sheria ya tarehe 30 Agosti 1978, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kujiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968. Lakini soko la Kivu linategemea Bahari ya Hindi. Magari yaliyotumika Japani hushushwa Dar es Salaam na Mombasa, katika nchi zinazoendesha kushoto, kisha huvuka mpaka hadi eneo la Maziwa Makuu. Kinshasa hupokea yake kupitia bandari ya Matadi, mengi yakitoka Ulaya. Ndiyo maana amri moja humgusa kidogo mnunuzi wa Kinshasa na humwelemea yule wa Katana.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Toyota HiAce iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani ina mlango wa abiria ubavuni kushoto. Ikisimama sokoni Katana, mlango huo hufungukia katikati ya barabara: mama mwenye kikapu mgongoni hushuka mahali hasa lori la Bukavu linapopita. Dereva naye hukaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori lililo mbele yake haoni kinachokuja, na hulazimika kumtegemea aliyekaa kushoto kwake. Usiku taa huongeza balaa, kwa kuwa mwanga wake umeelekezwa kushoto, machoni mwa wanaokuja.

Kuhamisha usukani kunawezekana, ila ni kazi nzito: mhimili wa usukani, pedali, pampu ya breki, dashibodi na nyaya zote huhama, na hitilafu ndogo ya kulehemu huweza kuua. Kinshasa ilishaonja madhara ya magari yaliyogeuzwa kienyeji. Mercedes-Benz 207, nyingi zikiwa magari ya mizigo yaliyotobolewa madirisha na kufungwa mabenchi, zilipachikwa jina la «esprit de mort», roho ya mauti. Mabasi yaliyoletwa kuchukua nafasi yake yakaitwa «esprit de vie».

Makaratasi ni mzigo mwingine. Mwenye gari anahitaji namba yenye herufi CGO, carte rose (hati ya usajili wa gari), vignette (stika ya kodi ya gari), cheti cha ukaguzi na bima. Bima hiyo ilikuwa mali ya SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake hadi sheria ya Machi 2015 ilipofungua soko. Mtu wa Katana huyafuata mengi ya hayo Bukavu, kilomita 45 hivi kusini, katika gari lile lile ambalo polisi wa barabarani wanaweza kulisimamisha kwa kukosa hayo makaratasi.

Februari 2025 waasi wa M23 waliteka uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha Bukavu. Serikali ya jimbo inayotii Kinshasa ikahamia Uvira, na wenye magari wa Katana wakabaki chini ya watawala wapya, mikononi wakiwa na hati zilizotolewa na Kinshasa.