Sehemu ya Sehemu

Ahmes, karani wa Misri aliyenakili mafunjo yake ya hesabu yapata mwaka 1550 KK, hakuandika 3/4. Aliandika 1/2 na 1/4. Ukiacha 2/3, kila sehemu kwake ilikuwa na kiasi cha 1. Mikate 7 kwa watu 10? Kila mmoja 2/3 na 1/30. Jibu ni sahihi kabisa, ila jaribu kulizidisha kwa 3/5 uone kazi yake.

Wachina walikata shauri kutumia kiasi chochote. Kitabu chao cha Sura Tisa, chenye umri wa takriban miaka 2,000, kinaanza na upimaji wa mashamba: upana 4/7 ya hatua, urefu 3/5. Zidisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, upate 12/35. Lakini utamu umo katika kurahisisha. Kinachogawanyika nusu, kigawe nusu. Kikikataa, toa namba ndogo katika kubwa, kwa zamu, mpaka zilingane. Chukua 49/91. Toa 49 katika 91, zinabaki 42. Toa 42 katika 49, inabaki 7. Endelea kuitoa 7 katika 42 hadi nayo iwe 7. Basi gawa juu na chini kwa 7: 7/13. Huhitaji kujua jedwali la kuzidisha ili kukipata kigawo hicho, na kwangu hapo ndipo ufundi ulipo. Euclid alikuwa ameithibitisha njia hiyo yapata mwaka 300 KK.

India, Brahmagupta aliandika kanuni ya kuzidisha mwaka 628, kiasi juu na asili chini, bila mstari. Mstari unaonekana kwa al-Hassar wa Maghrib, karne ya 12. Leonardo wa Pisa, aliyesomea hesabu Bugia, pwani ya Algeria, akaueneza Ulaya kwa kitabu chake cha 1202. Sasa jicho likaweza kufuta kabla mkono haujazidisha: katika 14/15 × 5/7, 7 inaingia katika 14 na 5 katika 15, zikabaki 2/3.

Waislamu walikuwa na sababu nzito ya kuzidisha: mirathi. Al-Khwarizmi aliitengea sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra, na makadhi wa Zanzibar na Mombasa wangali wanaipiga hesabu hiyo. Mtoto aliyerithi 1/4 akifariki kabla mali haijagawanywa, akaacha mke na watoto, mjane anapata 1/8 ya ile 1/4, yaani 1/32 ya urithi wa kwanza. Wakiwa wajane wawili, 1/64 kila mmoja.