Wagika na Wagalu: Upinzani Uliozaa Nyimbo

Nsemulwa ni kata ya Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, katika eneo ambalo wenyeji wake wa asili ni pamoja na Wabende na Wakonongo. Wasukuma wamehamia Katavi kwa vipindi tofauti. Wengi, hasa tangu miaka ya 1970, walishuka na mifugo yao wakitafuta malisho na ardhi ya kulima. Hawakuja na ng'ombe peke yao. Walikuja na ngoma, na ngoma ya Kisukuma, kwa desturi, hutaka mpinzani.

Desturi hiyo ina waasisi wawili. Simulizi za Usukumani zinasema kwamba katikati ya karne ya 19 waliishi waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao pia walikuwa mafundi wa kucheza ngoma. Kila mmoja alijiona hodari kuliko mwenzake kwa dawa na kwa uchezaji, wakaamua kushindana hadharani. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Wagika, wale wa Gumha wakaitwa Wagalu. Waasisi walikufa zamani, lakini pande zao mbili zingali hai.

Mashindano yenyewe, mbina, huja baada ya mavuno, ghala likiwa na chakula na mikono ikiwa na nafasi. Hakuna meza ya majaji. Makundi mawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Wimbo ukikolea upande huu, umati huhamia huku. Wa pili wakizua jambo jipya, umati huwakimbilia. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Kwa hiyo kila kundi hutafuta cha kuwashika watu miguu. Ipo samba, dawa ya mvuto, ambayo manju wengi waliitegemea. Wapo waliocheza na chatu shingoni, na wapo walioingia na vinyago vya mbao vyenye mikono inayochezeshwa. Wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe juu, huyazungusha na kuyadaka, mapigo yasipotee. Jembe hapo si pambo, maana ngoma hiyo imetoka shambani, ambako vikundi vya wakulima vililima kwa pamoja wakifuata mdundo.

Lakini silaha kubwa ni wimbo. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutunga nyimbo mpya kwa ajili ya msimu, na nyingine humlenga mpinzani wake moja kwa moja: tabia yake, kundi lake, dawa zake. Aliyeimbwa hana budi kujibu, na hawezi kujibu vizuri asichokisikiliza vizuri. Kuuita uhusiano huu uadui ni kuupunja. Kila upande ndio ulioulazimisha mwingine kutunga, na bila Wagalu, Wagika wangeweza kurudia wimbo wa mwaka jana pasipo aibu.

Yaliyoimbwa yalibadilika na nyakati. Miaka ya 1950 pamba, vyama vya ushirika na TANU viliingia katika nyimbo. Ni miaka hiyo hiyo ambapo Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, aliipokea ngoma katika parokia ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Sherehe za Bulabo, zinazofuatana na sikukuu ya Ekaristi, zikawa uwanja wa Wagika na Wagalu, na makumbusho ya Bujora yakahifadhi vifaa vyao. Ulikuwa uamuzi wa busara, maana wamisionari wengi waliona ngoma hizo kuwa ushirikina mtupu.

Mtafiti Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 2010, nyimbo 335 pamoja na maelezo yake. Kazi hiyo ni hazina, ila haiwezi kubeba kila kilichotungwa na waliohama. Wazee waliokuja Katavi na nyimbo zao wanapungua, na simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti. Vijana wa Nsemulwa na maofisa utamaduni wa Mpanda wawaendee manju wa pande zote mbili, wawarekodi wakiimba na wakieleza nani alimjibu nani, kabla ya msimu ujao wa mbina.