Timu zenye majina ya uongo

Mwaka 2006 Konami ya Japani ilitoa Pro Evolution Soccer 6. Haikuwa na ruhusa ya majina yote: Chelsea ikaitwa London FC, Liverpool ikawa Merseyside Red. Ligi ya Ujerumani haikuwemo. Sisi tuliotoka Kongo tuliikuta hapa Bujumbura, kwenye vibanda vya PlayStation 2 vya Buyenzi. Makosa tuliyaona, lakini tuliipenda tu. Adriano akipiga shuti, kipa anabaki anaangalia! Na kila timu tuliiita jina lake la kweli.

Ndugu zetu wa misaada, kwenye karatasi zetu pia tuko na majina yaliyokosewa. Hapo si mchezo: jina lisilofanana linaweza kumzuia mtoto kufanya mtihani. Tuulizeni, tutawatajia.